Nilimsahihisha Baba Bila Yeye Kujua

Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na kabla sijaanza naahidi kukueleza kila kitu kama kilivyotokea, pamoja na yale yanayonitia aibu, kwa sababu nausoma ukurasa wako tangu nikiwa darasa la sita na nimeona kwamba wanaokuficha nusu ya habari huwa unawapa nusu ya jibu, nami safari hii nahitaji jibu zima.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, nasoma kidato cha tatu, na ni mtoto pekee. Mama anafua mashuka hospitalini na huondoka asubuhi kabla yangu. Baba ni fundi wa kusuka mota. Kama huifahamu kazi hiyo, mota ya pampu au ya mashine ya kusaga ikiungua, fundi hutoa nyaya zote za shaba zilizoungua ndani yake na kusuka mpya, mzunguko kwa mzunguko, mahali palepale zilipokuwa za zamani, na kabla hajakata hata waya mmoja huchora kwanza kwenye daftari jinsi zinavyopita, maana ukishazikata hakuna wa kumuuliza zilikuwa zimekaaje. Baba ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili, na wenzake wa karakanani husema akisikia mota inanguruma mtaa wa pili anaweza kukutajia aliyeisuka.

Mwezi wa Januari walikuwa wanainua mota ya pampu, ikateleza kwenye mnyororo, ikamwangukia baba mkono wa kulia. Madaktari waliuokoa mkono, lakini vidole viwili havikunjiki tena, na bila vidole hivyo waya mwembamba hausukiki. Baba alirudi nyumbani akageuza kiti chake kikatazama ukuta. Hakuwa mkali, Mshauri, na ningefurahi kama angekuwa mkali. Alikuwa anasema "asante" kwa kila kitu, asante kwa chai, asante kwa maji, kama mgeni. Siku moja mama alimwambia, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," naye akajibu bila kugeuka, "Koleo lina duka linaloliuza. Nioneshe duka la mikono." Mama akatoka nje akaanza kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Sasa nifike kwenye mchezo. Mwalimu wetu wa baiolojia alituambia kwamba kuna watafiti wanaotaka kujua jinsi sehemu moja ndogo ya ubongo wa panya ilivyounganishwa, wakaukata vipande vyembamba sana na kuvipiga picha kwa darubini, maelfu kwa maelfu, na kwamba kompyuta ikijaribu kufuata uzi mmoja wa neva kutoka picha hadi picha hupotea njia, kwa hiyo wameutengeneza kama mchezo wa simu na mtu yeyote duniani anaweza kucheza. Unapewa uzi mmoja, unaupaka rangi kwenye picha ya kwanza, unashuka picha ya pili, unautafuta tena, hivyo hivyo hadi mwisho wake. Kila uzi hupewa watu watano wasiojuana, na wakikubaliana uzi huo unahesabiwa umekwisha. Ukikubaliana na wenzako unapata pointi. Ukitofautiana nao unakatwa.

Nilicheza wiki moja kwenye kishikwambi cha zamani ambacho mama alipewa na mwenzake wa kazini, na siku moja baba alikuwa nyuma yangu, sijui aliinuka saa ngapi, akasema, "Huo waya hujaufuata. Umeuacha."

Nikasema, "Umeishia hapa, baba. Tazama, panakuwa peusi."

Akasema, "Waya haukatiki katikati ya njia bila sababu. Ukiona umeishia, ujue macho yako ndiyo yameishia. Lete."

Nilimfungulia jina lake la kuchezea. Alichagua mwenyewe, Mkono wa Kushoto, kwa sababu ndio aliokuwa anautumia. Kuanzia siku hiyo kiti kiligeuka kikatazama dirisha. Alikuwa anafuata nyuzi nilipokuwa shuleni, na zile ngumu alizichora kwanza kwenye daftari kama anavyochora mota, kwa mkono wa kushoto, mistari imepinda kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Nilikuwa namwambia, "Baba, siyo waya, ni neva," naye anajibu, "Sawa, mwalimu," halafu dakika mbili baadaye, "Huu waya una ujanja." Shangazi, dada yake baba, ambaye hapitwi na neno, alipotutembelea na kuona tunachofanya alisema, "Kaka, yaani umeacha mota umekuja kusuka panya? Na panya wa jikoni mwenu anakula unga mchana kweupe." Baba akamjibu, "Huyo naye atafika zamu yake, akae foleni." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Januari.

Kuna jambo moja ambalo lazima nilieleze vizuri kwa sababu ndilo lililoniponza. Karakanani kwa baba, fundi aliyesuka mota haruhusiwi kuipima mwenyewe. Lazima mwenzake aipime ndipo itoke mlangoni. Baba husema, "Fundi hajipimii mota yake, atasikia anachotaka kusikia." Kwa hiyo hakuwahi kubonyeza "tuma" hata siku moja. Akimaliza kazi ya siku aliniachia mimi, nikirudi shule nikague ndipo nitume. Mwezi wa Februari na wa Machi nilikuwa nakagua kwamba rangi zimeshika, basi, natuma.

Lakini alikuwa anakatwa pointi, Mshauri. Kila Jumatatu orodha inatoka na yeye yuko chini kabisa. Mimi nilikuwa katikati, yeye chini. Alikuwa anatazama ile orodha na kusema "Haya," halafu anaendelea, mpaka katikati ya Aprili jina lake lilipokuwa la mwisho kabisa, akaweka kishikwambi mezani taratibu kama kitu cha mtu mwingine na kusema, "Hata panya amenikataa." Jioni ile kiti kikarudi kutazama ukuta.

Mimi nilikaa chumbani nikafungua kazi yake ya siku ile ambayo ilikuwa bado haijatumwa, nikaona mahali ambapo uzi ulikuwa unaishia kwenye weusi na yeye alikuwa ameuvusha ng'ambo, na pengine palikuwa na nyuzi mbili zimelala pamoja naye amechagua ile ambayo mimi nisingeichagua, nikasema moyoni baba ni fundi lakini hakusoma baiolojia, anaona nyaya mahali ambapo hakuna, na kama nikimsaidia kidogo tu, mara hii moja tu, atapata moyo. Nikafuta, nikapaka ninavyoona mimi, nikatuma.

Jumatatu iliyofuata alikuwa amepanda nafasi mia nne. Sikujua kwamba uso wa mtu mzima unaweza kubadilika vile kwa sababu ya namba. Sasa ningeachaje? Nikafanya kesho yake, na kesho kutwa, na siku zote tangu hapo hadi wiki iliyopita. Mwezi wa Mei, kwa kuwa nyuzi zake za kutwa zilikuwa nyingi kuliko zangu mara kadhaa, alikuwa wa tatu kati ya wachezaji wote wa wiki. Alinyoa ndevu, akaenda karakanani kwa miguu yake kuwasalimia wenzake, mara ya kwanza tangu ajali, akawaambia, nao wakampigia makofi, na mmoja alikuja nyumbani na mota ndogo akamwomba amchoree tu jinsi ya kuisuka, kuchora tu, mikono ataitia yeye. Baba alimchorea. Mama aliniambia jikoni, "Nyumba imepata taa, mwanangu, wala sitaki kuuliza umeme umetoka wapi." Lakini mimi nilijua umeme ulipotoka.

Jumatano iliyopita ulikuja ujumbe kwenye jina la baba. Ujumbe huja kwa Kiingereza, na Kiingereza cha baba ni cha kwenye vibao vya mota, anajua volti na kasi na "hatari", kwa hiyo mimi ndiye ninayemsomea. Huu aliuandika mtafiti mkuu mwenyewe, siyo zile salamu za kompyuta. Nimeusoma mara nyingi hadi naukumbuka wote. Anasema kwamba Februari na Machi, Mkono wa Kushoto alitofautiana na wenzake kwenye nyuzi mia mbili na kumi na nne, na kwamba wamezipiga picha upya kwa darubini kali zaidi, na katika hizo, mia moja na tisini na moja yeye ndiye aliyekuwa sahihi na wenzake wote wanne walikosea. Anasema nyuzi zilizoonekana kukatika kwenye weusi kumbe zilikuwa zinapita chini ya nyingine na kutokea mbali, hakuna aliyekuwa amezivusha isipokuwa yeye, na kwa sababu hiyo ramani yao yote inabidi ikaguliwe upya. Halafu anasema, "Tangu katikati ya Aprili umekuwa ukiona kama wengine. Tungependa kujua mwanzoni ulikuwa unatazama nini, na kwa nini uliacha." Wanaomba kuzungumza naye kwa simu ya video Alhamisi tarehe 20, ili awafundishe wao na wachezaji wapya.

Kwa nini uliacha. Mshauri, hakuacha. Nilimnyamazisha mimi.

Baba alikuwa ameketi karibu yangu siku hiyo. Akauliza, "Wanasemaje?" Nikasema, "Wanasalimia tu, baba." Akasema, "Haya, wape salamu zao," akarudi kwenye daftari lake. Huo ndio uongo wangu wa kwanza kwake kwa mdomo, maana ule mwingine wote nilikuwa nauita msaada.

Sasa ninavyoona, nikimwambia kwamba Februari alikuwa sahihi, lazima nimwambie pia kwamba Mei hakuwa yeye, kwamba makofi ya karakanani yalikuwa ya majibu yangu, tena majibu mabovu, na kwamba mtoto wake aliyempa kazi ya kupima hakupima bali alibomoa na kusuka upya kwa siri akidhani anajua zaidi. Naogopa kiti kitarudi ukutani na safari hii hakitageuka. Nisipomwambia, Alhamisi watafiti watamuuliza mambo ambayo hayajui, au nitatafsiri uongo juu ya uongo, au nitawajibu kwamba anaumwa, na kitu ambacho baba yangu pekee duniani alikiona kitapotea. Nimewaza kuwaandikia watafiti wenyewe kwa siri na kumwacha baba na furaha yake, lakini sijui kama hiyo siyo ileile ya Aprili kwa mlango wa nyuma.

Nimalizie kwa jambo dogo kwa kuwa niliahidi yote. Bado anachora kwenye daftari. Tangu mwisho wa Aprili amekuwa akiweka viduara vya penseli kando ya baadhi ya michoro, zamani havikuwepo, nami nilipomuuliza alisema, "Mambo ya karakana hayo, hayakuhusu," akatabasamu. Sasa ni vingi. Sidhani vina maana kwenye swali langu, ila kila nikiliona daftari lile naona aibu, kwa sababu majibu yake ya kweli ya zile nyuzi ngumu yapo humo yote, yamepinda, na mimi ndiye niliyeyazuia kutoka nje ya nyumba.

Ukurasa wako hutoka Jumamosi, kwa hiyo ni Jumamosi ijayo tu kabla ya Alhamisi ile. Tafadhali nijibu hiyohiyo hata kwa mstari mmoja: nimwambie baba ukweli wote, au nimwache na furaha niliyompa?

Wako mtiifu,
Mpimaji Asiyefaa

*

Mshauri anajibu:

Binti yangu,

Barua yako ilinifikia Jumanne na nimeirusha juu ya barua nyingine zote, wenye ndoa zao watanisamehe, watagombana wiki moja zaidi.

Kwanza nikuombe radhi mimi. Katika ukurasa huu nimeshaandika si chini ya mara tatu kwamba michezo ya simu ni mwizi wa muda wa watoto. Juzi dada wa mapokezi alinionesha huo mchezo wenu. Niliufuata uzi mmoja kwa dakika arobaini, nikakosea, nikakatwa pointi, nikakasirika kama mtoto. Sikujua kwamba kuna mahali ambapo macho ya mtu aliyeketi nyumbani yanahitajika hivyo. Nimejua, na neno langu nalirudisha.

Sasa zamu yako. Ulimhurumia baba, na huruma si dhambi. Lakini ulimhurumia kwa kumdharau. Ulitazama kazi ya fundi wa miaka ishirini na miwili ukasema moyoni hakusoma baiolojia. Wewe umeisoma, na uliishia kwenye weusi kama wenzako wote. Tena alikupa kazi ya heshima, ya kupima. Mpimaji akiona kasoro husema, "Hapa sikubaliani nawe." Ungemwambia hivyo siku ile ya kwanza, angekueleza kwa nini amevuka ng'ambo, nawe leo ungekuwa wa pili duniani kuujua ujanja wa waya. Ulijinyima wewe kabla ya kumnyima yeye. Hayo nimeyasema mara moja, sitayarudia, kwa kuwa naona unajigombeza vya kutosha.

Sasa nikwambie kilichonifanya niiweke kalamu chini. Vile viduara.

Unasema havina maana kwenye swali lako. Binti, swali lako limo ndani ya vile viduara. Jumatano nilikwenda kwenye karakana iliyo nyuma ya ofisi yetu, wanasuka mota, miaka yote napita pale nikiziba masikio tu. Nilimuuliza mzee wa pale duara la penseli kando ya mchoro ni nini. Alisema kila karakana ina alama zake, hawezi kumsemea fundi mwingine, lakini kwao na kwa mafundi wengi anaowajua, ni hivi: mota ikirudi kutoka kwa mpimaji ikiwa imebadilishwa, msukaji hatii neno, anaweka duara penye badiliko. Nikauliza, ni kumshtaki mpimaji? Akanicheka. Akasema, "Hapana mama, ni kukumbuka. Mota ikija kuharibika, ujue pa kuanzia."

Vilianza lini? Umeandika mwenyewe, mwisho wa Aprili. Ulianza kubadilisha lini? Katikati ya Aprili. Viko kwenye baadhi ya michoro tu, siyo yote. Ulibadilisha yote? Unadhani mtu anayeifungua pampu hadi shaba ya mwisho atashindwa kufungua kazi ya jana kwenye kishikwambi, asubuhi nzima yuko peke yake nacho?

Sitaapa, maana simjui baba yako. Ila naamini anajua, tena amejua wiki sita. Amekaa na daftari lake akichora majibu yake kama anavyoyaona, moja baada ya jingine, akikuachia uyafute, akinyoa ndevu, akienda karakanani, akitabasamu ukimuuliza. Wewe ulimdanganya ili afurahi, naye akafurahi ili usijue kwamba amejua. Na yule mwenzake aliyemletea mota amchoree, hakumletea kwa ajili ya orodha ya mchezo wowote. Alimletea kwa sababu anajua ni nani mchoraji. Kwa hiyo acha kuogopa kwamba taa ya nyumba yenu inawaka kwa waya wako peke yako. Kiti hakikugeuka kwa sababu ya pointi. Kiligeuka Februari, siku aliyosema "lete", na siku ile alikuwa hana pointi hata moja.

Basi fanya hivi, na ufanye leo, kabla gazeti hili halijafungiwa vitumbua.

Subiri mama arudi kutoka kazini, naye akae, kwa kuwa aliyesema hataki kuuliza umeme umetoka wapi anastahili kujibiwa. Msomee baba ule ujumbe wa mtafiti wote, tangu salamu hadi saini, bila kuruka wala kupamba. Ukifika kwenye "kwa nini uliacha", usisubiri ajibu. Sema wewe: "Hukuacha, baba. Tangu Aprili nimekuwa nafuta majibu yako na kutuma yangu." Useme hivyo tu. Usiongeze "nilifanya kwa ajili yako", hilo analijua, na ukilisema wewe litakuwa ankara mkononi mwake. Halafu nyamaza. Akikaa kimya na wewe kaa kimya, usiende kufua nguo safi. Akikasirika, kasirikiwa. Ulisema mwenyewe ungependa awe mkali kuliko awe mgeni.

Kisha umuulize viduara ni nini. Sitaki uamini mzee wa nyuma ya ofisi yangu, wala mimi. Uliza mwenye daftari.

Kesho mketi pamoja mpige picha kila ukurasa tangu katikati ya Aprili, wenye duara na usio na duara, na muwaandikie watafiti kwamba majibu yaliyotumwa kwa jina la Mkono wa Kushoto wakati huo si yake, na yake ni haya. Barua uiandike wewe na jina la kosa liwe lako. Ni watu wazima, wanajua kufuta na kuanza upya, na watafurahi zaidi kuipata michoro kuliko kukukasirikia. Tena waambie na hili, kwamba mchezo unaomkata pointi anayeona peke yake unawafundisha wachezaji kuiga. Nadhani wanahitaji kulisikia kutoka kwa mtu aliyelifanya.

Na kuanzia hapo endelea kuwa mpimaji wake. Sikuvui cheo hicho na naamini yeye pia hatakuvua. Ila ukiona kasoro, mwambie usoni, kisha utume alichoamua yeye.

Alhamisi itafika. Utakaa kando yake mbele ya ile simu na kumtafsiria. Atasema polepole, pengine atakosea jina la kitu, na utasikia mkono unakuwasha kumrekebisha kidogo tu, mara hii moja tu, ili watu wakubwa wamwone msomi. Usimtengenezee sentensi. Wamemtafuta yeye. Akisema waya, wewe sema waya.